Mkate, Posho na Tumbo Lisilopokea Ngano

Maneno mawili ya Kiswahili ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya. La kwanza ni mkate, la pili ni posho. Yote mawili hutajwa kila siku katika mitaa ya Mbarara na katika vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na yote mawili yamebadilika maana kwa namna inayoeleza historia ya chakula chetu. Tukiyachunguza vema tutaweza pia kuwafahamu watu wachache miongoni mwetu ambao kwa miaka mingi tumewadhania kuwa wana maringo, au wamerogwa, kumbe matumbo yao hayaipokei ngano.

Tuanze na mkate. Leo mtu akilitaja neno hili, msikilizaji huona mkate wa slesi au wa boflo, uliotengenezwa kwa unga wa ngano. Haikuwa hivyo daima. Waswahili wa pwani walikuwa na mkate wa mofa, uliookwa kwa unga wa mtama. Walikuwa na mkate wa kumimina, ambao ni wa mchele. Na hata tumbaku iliyoshindiliwa iliitwa mkate wa tumbaku. Mkate, basi, lilikuwa zaidi jina la umbo: kitu kilichokandwa, kumiminwa au kushindiliwa hata kikashikana kuwa kimoja. Nafaka iliyotumika lilikuwa jambo la pili. Ngano ilipoingia kwa wingi iliikuta nyumba imekwisha jengwa, ikakaa ndani na kujifanya mwenye nyumba.

Posho nalo lina safari yake. Maana yake ya asili ni chakula au fedha anayopimiwa mtu kwa siku au kwa juma: mpagazi katika msafara, askari, kibarua. Katika Uganda neno hili liliacha kuwa jina la mgao likawa jina la chakula chenyewe, yaani ugali wa mahindi. Sababu si ngumu kuiona. Unga wa mahindi ndio uliopimwa na kugawiwa kwa askari, kwa vibarua wa mashamba makubwa, magerezani na katika shule za bweni. Mlaji hakuulizwa apendacho, na jina la kupewa likagandamana na kile alichopewa. Ndugu msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia tutakapofika Nakivale.

Nchi ya Ankole haikuwa na ngano ya kutajika. Wafugaji waliishi kwa maziwa na samli, na hata leo mgeni wa heshima hutengewa eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Wakulima walikuwa na ulezi, ambao ugali wake mwekundu huitwa akaro, na ulezi au mtama ndio uliotengenezewa bushera, kinywaji kinachompokea mtu anayetoka shambani. Ndizi zilizidi kutapakaa katika karne ya 20, na leo wilaya ya Isingiro, ambamo Nakivale imo, husifika kwa matoke yanayopakiwa malorini kwenda Kampala. Viazi vitamu, muhogo, kunde na karanga vilijaza mapengo ya misimu. Katika orodha hii yote hakuna chakula hata kimoja chenye ngano, wala shayiri. Mzee wa Ankole wa miaka 150 iliyopita aliweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa bila ngano kumgusa ulimi.

Ngano ilikuja kwetu kwa njia kadhaa, na iliyo kubwa ni ile ya reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Viktoria, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga, na pamoja nao ikaja mikono iliyojua kusukuma chapati. Walowezi wa Kenya nao wakaanza kulima ngano katika nyanda za juu. Lord Delamere alishughulika nayo huko Njoro, na mwaka 1908 ikaundwa kampuni ya kusaga iliyoitwa kwa neno letu wenyewe, Unga. Maduka ya Wahindi yaliyofuata barabara mpaka Mbarara yaliuza unga mweupe, biskuti na majani ya chai. Huo unga ulikuwa wa dukani, wa kununuliwa kwa fedha, na katika nchi ambako fedha ilikuwa adimu kitu cha dukani kilikuwa fahari. Chai na mkate vikawa chakula cha karani, cha mwalimu na cha mchungaji. Sisi walimu hatuwezi kukana sehemu yetu katika jambo hili, kwani ni katika shule za bweni ambako watoto wengi walijifunza kwamba kifungua kinywa cha mtu aliyestaarabika ni mkate uliopakwa siagi.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia katika muda wa siku 90. Maduka na viwanda vyao vikapata wenyewe wapya, na katika miaka ya magendo iliyofuata sukari na chumvi vilitafutwa kwa tochi. Mkate ukawa nadra, na kwa hiyo ukazidi kupata heshima. Hali ilipotengemaa, ngano ilirudi ikiwa imevaa nguo za mtaani. Chapati ya kukunjia mayai, iitwayo roleksi, na chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, iitwayo kikomando, leo ni chakula cha bodaboda, cha mwanafunzi na cha kibarua. Hivyo ngano sasa inashika ncha mbili za jamii: ni fahari ya mezani kwa mgeni, na ni shibe ya haraka kwa asiye na muda wala jiko. Ngano yenyewe karibu yote hununuliwa nje. Sehemu ndogo tu hulimwa nchini, hasa katika nyanda za Sebei. Vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, chapati zilipungua ukubwa, na Rais Museveni akawaambia wananchi katika sikukuu ya wafanyakazi kwamba wanaokosa mkate wale muhogo. Wengi walikasirika. Lakini kulikuwa na watu wachache ambao shauri hilo kwao halikuwa kejeli wala siasa, bali dawa.

Ni nani hao? Ndani ya ngano mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kinachofanya donge la chapati livutike bila kukatika, na mkate uumuke bila kuanguka. Shayiri inacho cha jamii hiyo, na vilevile rai, nafaka ya nchi za baridi. Ulezi, mtama, mahindi, mchele, muhogo na ndizi havina. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa seliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui na kupigana nayo, na katika mapigano hayo ukuta wa utumbo mwembamba huharibika, hata chakula kipitie bila kufyonzwa. Mtu hula akakonda. Huharisha, tumbo hujaa, damu hupungua, na mtoto hudumaa. Si ulafi, si uchaguzi wa chakula, wala hauambukizi. Huelekea kufuata ukoo. Dunia nzima inakadiriwa kuwa nao mtu 1 hivi katika kila 100, ingawa si sawa kila mahali. Hauna dawa isipokuwa kuiacha gluteni maisha yote.

Ujuzi huu ulipatikana polepole, na sehemu mbili za historia yake zinatuhusu. Daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1888, akashuku kwamba tiba imo katika chakula, lakini hakujua ni chakula kipi. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba anawaponya watoto kwa kuwalisha ndizi. Watoto walipona kweli, na ndizi ikapata sifa kuu kwa miaka mingi. Kumbe kilichowaponya ni kuondolewa mkate. Ndizi ilikuwa imeketi tu kwenye kiti kilichoachwa wazi. Tunakiri kwamba sisi wa nchi ya matoke tunaisoma habari hii kwa tabasamu.

Sehemu ya pili ni ya huzuni. Daktari wa watoto huko Den Haag, Uholanzi, aitwaye Willem Karel Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Waholanzi walikumbwa na njaa kali ya vita, mkate ukakosekana, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wenye ugonjwa huu, tofauti na wenzao, hawakuzidiwa bali walipata nafuu. Mkate wa msaada ulipofika, wakaugua upya. Dicke aliweka matokeo ya utafiti wake katika tasnifu ya mwaka 1950, na tangu hapo jambo likawa wazi: chakula cha msaada kinachomwokoa mtu mmoja chaweza kumrudisha mwingine kitandani.

Katika sehemu zetu ugonjwa huu haukutambulika, na tunadhani sababu zake ni mbili. Kwanza, chakula chetu cha asili kiliuficha: asiyekula ngano hauoni. Pili, dalili zake zimevaa sura ya magonjwa mengine. Mwaka 1985 madaktari walieleza katika jarida la kitabibu ugonjwa mpya wa kukonda na kuharisha uliowapata watu wa Rakai, wilaya inayopakana na Isingiro. Wenyeji waliuita slimu, nao ulikuwa Ukimwi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu yeyote wa upande huu aliyekonda na kuharisha alikuwa amekwisha hukumiwa na majirani kabla hajafika zahanati. Mwalimu mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne aliyekimbia kutoka Kivu ya Kaskazini, alipimwa virusi mara tano, akatibiwa minyoo mara zisizohesabika, na majibu yalipokuwa mazuri watu walisema anaficha. Daktari mmoja alipomwagiza kipimo cha damu cha seliaki, na baadaye utumbo wake ukachunguzwa, ndipo ukweli ukajulikana. Hapa inafaa tuseme jambo moja la manufaa: anayetaka kupimwa asiache ngano kabla ya kipimo, kwani akiiacha mapema kipimo chaweza kumdanganya.

Sasa tufike Nakivale. Makazi haya, yaliyo kandokando ya ziwa la jina hilohilo, kusini-mashariki ya Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakawapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa katika Afrika. Wengi wa wale wa kwanza walirudi kwao baada ya 1994, lakini nafasi zao hazikubaki tupu: Wasomali walikuja baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka mwaka 1991, Wakongo kwa mawimbi ya vita vya Kivu, Warundi kwa wingi tangu 2015, na Waethiopia na Waeritrea pia. Leo idadi yao imepita 100,000. Kiswahili ndicho kinachowawezesha wengi kupatana bei sokoni, hata kama kila mmoja anacho cha kwao.

Nakivale huitwa makazi, si kambi, kwa sababu mkimbizi hupewa kipande cha ardhi alime. Mahindi, maharage, mtama na muhogo ndivyo vinavyoonekana. Mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nao umekuwa kwa kawaida mahindi, maharage, mafuta na chumvi, au fedha badala yake. Posho, kwa maana zote mbili! Na hapa bahati imetenda jambo ambalo hakuna aliyelikusudia: mgonjwa wa seliaki aliyepewa mahindi na maharage amepewa chakula kinachomfaa.

Bahati hiyo haikuwafikia wote. Wakimbizi wa Sahara Magharibi, wanaoishi katika makambi ya Tindouf nchini Algeria tangu miaka ya 1970, wamelishwa zaidi kwa unga wa ngano. Mwaka 1999 watafiti walichapisha habari za watoto 989 wa huko waliopimwa: karibu 6 katika kila 100 walikuwa na seliaki, kiwango ambacho hakikuwa kimepata kuonekana popote. Urithi wa damu ulichangia, lakini posho ndiyo iliyowasha moto. Mkimbizi hachagui. Anayeandika orodha ya mgao, naye yuko mbali mno, ndiye anayeamua ni tumbo la nani litakalopona.

Wala Nakivale haiko salama kabisa. Wasomali walirithi pasta kutoka enzi ya Waitalia, nayo ni ngano tupu. Na anjero yao, ambayo mtama unaiweza, siku hizi huchanganywa na ngano au huwa ya ngano yote. Injera ya Waethiopia ikiwa ya tefu pekee haina neno, lakini tefu ni ghali na huchanganywa. Biskuti zinazogawiwa nyakati za dharura ni za ngano. Halafu kuna upungufu. Mwaka 2023 wakimbizi wa Uganda waligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na kundi la tatu likaachwa bila mgao. Mwaka 2025 mgao ulikatwa tena, na wengi zaidi wakaondolewa. Mtu ambaye mahindi yake yameisha hula anachokipata, na mara nyingi kilicho karibu, kilicho tayari, ni chapati ya kibandani.

Nyumbani, shida ya mgonjwa haiko katika chakula. Akaro ipo, matoke yapo, muhogo na sombe vipo. Kinu cha kijijini husaga mahindi na mtama, wala si ngano, kwa sababu ngano huja imekwisha sagwa. Kwa hiyo unga wake huwa safi kuliko mwingi wa paketi. Shida huanza katika vyombo: mayai yanayokaangwa kwenye bamba la chapati, mihogo inayotumbukizwa katika mafuta yaliyokaanga mandazi, mchuzi wa hotelini uliozitishwa kwa kijiko cha unga. Kiasi kidogo tu chatosha kudhuru.

Na iliyo kubwa kuliko vyombo ni heshima. Tumekwisha kueleza kwamba ngano iliingia nchini kama fahari. Ukimtembelea mtu naye akatuma mtoto mbio dukani kununua mkate kwa fedha ya mwisho, kuukataa ni kumrudishia heshima yake usoni. Yule mwalimu wetu aliulizwa na mwenyeji wake, mbele ya wageni wengine, “Mama Mwalimu, mkate wangu una nini?” Hakuwa na neno la kujibu. Angesema ni ugonjwa, wangekumbuka minong’ono ya zamani. Akala kipande, akaugua siku nne. Hata madhabahuni suala hili limefika: kwa Wakatoliki hostia lazima iwe ya ngano, na barua ya Vatikano ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo yaruhusiwa, na muumini asiyeiweza hata hiyo anaweza kuruhusiwa kupokea divai peke yake.

Safarini mambo hugeuka. Barabara ya Mbarara kwenda Kampala ina Lukaya, ambako gonja za kuchoma na nyama hukimbizwa hadi dirishani mwa basi. Huko msafiri wetu hula bila hofu, isipokuwa chapati. Akifika pwani, Mombasa au Unguja, atapata wali, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, mkate wa kumimina na vitumbua, ingawa aulize kama vitumbua ni vya mchele mtupu. Ajihadhari na mahamri, kaimati, sambusa, bokoboko ambayo ni ngano iliyopondwa na nyama, uji wa shayiri, na urojo, ambao kwa kawaida hutiwa unga wa ngano.

Akivuka bahari atakuta kinyume cha nyumbani. Chakula kinamzunguka chote kikiwa cha ngano: mkate, pasta, keki, supu, hata soseji, lakini neno lake linajulikana. Kanuni ya kimataifa ya vyakula iliyorekebishwa mwaka 2008 inataka chakula kinachotangazwa kuwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 katika kila kilo, na Marekani ilitoa kanuni ya kiwango hichohicho mwaka 2013. Katika Jumuiya ya Ulaya, tangu Desemba 2014, mwenye mkahawa analazimika kumjulisha mteja kama chakula kina nafaka zenye gluteni. Mashirika mengi ya ndege hutoa mlo usio na gluteni, mradi uagizwe siku moja au mbili kabla. Hakuna anayekuuliza mkate wake una nini. Ila bei! Mkate mdogo usio na ngano huuzwa ghali kuliko wa kawaida, na jamaa wa Nakivale waliohamishiwa Marekani au Kanada, wakianza maisha kwa mshahara wa kufagia, hawawezi kuununua kila siku. Wenye busara hutafuta maduka ya Waafrika na Waasia, wakanunua mchele, unga wa mahindi na unga wa muhogo. Wanga wa muhogo wenyewe huuzwa huko kwa jina la tapioka, katika vipaketi vidogo vilivyoandikwa kwamba havina gluteni.

Kiswahili chetu nacho kina kazi hapa. Gluteni ni neno la kukopa, na halitamsaidia mtu kibandani. Tulipokaa na yule mwalimu tulijaribu sentensi kadhaa, tukaona kwamba “sili ngano” haitoshi, kwa kuwa mpishi hudhani chapati na tambi si ngano bali ni chapati na tambi. Iliyofaulu zaidi ni hii: “Nikila unga wa chapati au wa mandazi, hata kidogo ndani ya mchuzi, ninaugua, nipikie kwa sufuria iliyooshwa.” Ameiandika kwa mkono katika Kiswahili na Kinyankore, na binti yake akamwandikia Kifaransa na Kiingereza. Karatasi hiyo huikunja pamoja na kitambulisho chake cha ukimbizi, na huitoa kabla hajavuta kiti.